Newnham Grange: jumba la mfanyabiashara wa makaa lililogeuka koleji

Mimi kazi yangu ni majengo ya kale, na swali ninaloulizwa sana ni hili: jumba kubwa la familia, wenyewe wakishapungua, ulifanyie nini? Kwetu Mji Mkongwe jibu siku hizi ni hotelihoteli tu. Sasa leo niwaelezee nyumba moja ya Cambridge, Uingereza, ambayo huwa naitolea mfano maana yenyewe ilishika njia nyingine: ikawa koleji, yaani sehemu ya Chuo Kikuu cha Cambridge ambako wanachuo huishi na kusoma, na mimi naona wanachuo hawaiumizi nyumba ya zamani sana kama hoteli.

Inaitwa Newnham Grange, iko ukingoni mwa mto Cam, ilijengwa 1793 na akina Beales, wafanyabiashara wa nafaka na makaa ya mawe. Msidhani walifuata mandhari pale, hapana, mto ndo ulikuwa barabara yao, mzigo unakuja na mashua na ghala liko palepale ubavuni mwa nyumba. Halafu 1845 reli ikafika Cambridge na biashara ya mtoni ikaanza kufa, mpaka 1885 nyumba ikanunuliwa na George Darwin, profesa wa astronomia, mtoto wa yuleyule Charles Darwin mnayemjua, akahamia na mkewe Maud, Mmarekani. Na wala si kwamba palikuwa peponi, maana enzi hizo maji machafu ya mji yalikuwa yanaishia mtoni humohumo, stesheni ya kuyapampu ilikuja kufunguliwa 1894! Ghala nalo wakaligeuza nyumba ya kuishi, na binti yao Gwen Raverat, msanii wa kuchonga picha kwenye mbao, aliishi humo uzeeni hadi alipofariki 1957.

Sasa hapa ndo patamu. Mwishoni mwa 1962 akafariki Sir Charles Galton Darwin, mtoto wa George, na wakati huohuo koleji tatu kongwe, yaani Caius, St John's na Trinity, zilikuwa zinatafuta pahala pa kuanzisha koleji ya watu wa masta na PhD tu, maana watafiti wameongezeka na koleji za zamani hazina nafasi nao. Wakaongea na familia, familia ikakubali nyumba itumike na jina litumike, na 1964 ikazaliwa Darwin College. Ikawa ya kwanza Cambridge kuchukua wanaume na wanawake pamoja, wakati kwingine kote pale bado ni wanaume kivyao na wanawake kivyao. Dian Fossey, yule mtafiti wa masokwe aina ya gorila wa milima ya Rwanda, PhD yake aliifanya akiwa mwanachuo wa hapo.

Jirani kulikuwa na nyumba nyingine, Hermitage, ambako koleji ya wanawake ya New Hall ilianzia 1954 na wanafunzi 16. Darwin wakaichukua nayo, wakajenga jengo jipya katikati kuziunganisha, Rayne Building, na bwalo la chakula pembeni. Ni usanifu wa miaka ya 60 waziwazi, wapo wasioupenda, mimi naupenda kwa sababu hauigizi ukale.

Na kwa nini nasema wanachuo hawaiumizi nyumba ya zamani sana kama hoteli? Mabafu bwana. Mgeni wa hoteli anataka bafu na choo ndani ya chumba chake, kwa hiyo unatoboa sakafu za mbao kila chumba, unapitisha mabomba, na siku bomba likivuja boriti inaoza kimyakimya. Wanachuo wanaweza kuchangia bafu moja la korido, mabomba yote yakapita upande mmoja, na vyumba vingine vikabaki jinsi vilivyojengwa.