Usilitupe, Usilinunue

Jiwe liliwekwa mezani kwangu juu ya leso, taratibu, kama yai. Mpwa wangu hakusema kitu. Alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono na kusubiri nishtuke.

Yeye na mkewe, maharusi wapya, walikuwa siku ya tisa njiani. Walitoka Dar, wakalala Moshi, wakapita Arusha na Karatu, wakaikata Serengeti mpaka lango la Ndabaka, wakaingia Mwanza. Hapo ndipo walipopanga kugeuza gari. Lakini daraja la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na mtu aliyekua akisikia habari za foleni ya kivuko hawezi kufika Mwanza asilipite. Ukishavuka unakuta Sengerema, baada ya Sengerema ni Geita, na Geita kuna mjomba anayepima dhahabu. Wakaomba waone mgodi.

Niliwapeleka Nyarugusu kwa wachimbaji wadogo, kwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ninayemfahamu. Mgodi mkubwa si mahali pa kubisha hodi, na hata ukipata kibali utaona shimo, malori na vumbi. Bibi harusi alichungulia kwenye duara, akashika kamba, akaiachia upesi. Bwana harusi aliinama kwenye kifusi akaokota jiwe lililojaa vidoa vya njano vinavyometameta. Mwenye duara alicheka, akamwambia achukue, ampelekee mjomba wake akapime.

"Mjomba, hii si yenyewe?"

Kabla sijajibu, mkewe akadakia: "Si kila king'aacho ni dhahabu. Hiyo pairaiti, bwana, chuma na salfa tu. Tupa."

Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na kama kungekuwa na faini ya shilingi elfu moja kwa kila anayenisomea methali hiyo, ningeshanunua tanuru jipya. Wageni wangu wote wawili walikuwa wamekosea, na kosa la mke ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linavaa koti la elimu.

La mume ni jepesi, tulimalize. Kwangua jiwe kwenye upande wa kigae usiong'arishwa: pairaiti inaacha mstari mweusi wenye ukijani, dhahabu inaacha mstari wa njano. Gonga kwa nyundo: pairaiti inavunjika vipande, dhahabu inabonyea. Ulanga, madini mengine yanayong'aa, unabanduka kwa kucha. Ukigeuza jiwe juani na mng'ao ukazimika na kuwaka kama taa ya indiketa, hiyo si dhahabu, maana dhahabu haina upande wa kuzimika. Basi.

Sasa njoo kwa huyu anayesema "tupa".

Vilima vya Geita vina mwamba wa chuma wenye mistari, mweusi na mweupe, kama kitambaa cha kikoi. Zamani sana maji ya moto yenye salfa yalipenya kwenye nyufa za mwamba huo, na yalikuwa yamebeba dhahabu. Salfa ilipokutana na chuma ikatengeneza pairaiti. Dhahabu ilikuwa ikisafiri imeshikana na salfa hiyohiyo, kwa hiyo salfa ilipokamatwa na chuma, dhahabu ikakosa usafiri, ikashuka palepale. Nyingine imekaa pembeni ya chembe za pairaiti, nyingine kwenye nyufa zake, nyingine imefunikwa ndani kabisa. Kwa hiyo jiwe la mpwa wangu lilikuwa limejaa kitu ambacho si dhahabu, lakini huku kwetu kitu hicho ndiye jirani wa dhahabu, na mara nyingine ndiyo nyumba yake. Mchimbaji mzoefu akikutana na mwamba uliojaa pairaiti hatupi, anaweka alama.

Na hapana, si kila pairaiti ina dhahabu. Ipo pairaiti tele isiyo na kitu. Ndiyo maana sisemi "nunua" wala sisemi "tupa". Nasema pima, na watu hawalipendi neno hilo kwa sababu lina gharama.

Jambo jingine ambalo methali hailisemi: dhahabu nyingi ya Geita haing'ai kwa sababu huioni kabisa. Chukua mwamba wenye gramu 3 kwa tani, gredi ambayo mgodi mkubwa unaifurahia. Dhahabu ni nzito mno, mara 19.3 ya maji, kwa hiyo gramu 3 hazifikii ukubwa wa punje ya mahindi. Isage punje hiyo iwe vumbi, ulitawanye ndani ya tani nzima ya mawe, kisha uniambie umeiona kwa macho.

Nilimwomba bibi harusi pete yake, tukaipima: gramu 4. Ni karati 18, yaani robo tatu yake ni dhahabu, gramu 3. Hiyo ndiyo tani yangu ya mawe, viroba 20 vya kilo 50. Akaniangalia, akaiangalia pete. Nikamwambia asubiri, kwa sababu hesabu hiyo inadhani dhahabu yote imetoka. Kwa njia ya karasha, mashine ya kusaga mawe, na zebaki inayonasa dhahabu kisha ikachomwa, mara nyingi hata nusu haitoki. Iliyofungwa ndani ya pairaiti zebaki haiigusi. Inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, na mwenye karasha anayatamani marudio hayo kuliko hela ya kusaga, kwa sababu anajua sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, inaweza kutoa sehemu ya kilichoshindikana. Kwa hiyo pete hiyo inaweza kuwa viroba 40, au zaidi. (Kuhusu zebaki, neno moja: usichome ndani ya nyumba, hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi.)

Basi tukapima jiwe. Lilipondwa, likasagwa kuwa unga laini, nikachota gramu 50. Unachanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano. Ndiyo, ngano, ileile ya chapati. Kaboni yake ndiyo inayogeuza oksidi kuwa risasi. Tanuruni, kwenye joto linalopita nyuzi 1,000, risasi inashuka chini kama mvua na kuzoa dhahabu yote njiani. Baadaye risasi inachomwa kwenye kikombe kinachoinywa, na kinabaki kidonge unachokitafuta kwa kibano na lenzi. Mpwa wangu alikitafuta akakikosa. Nilipomwonyesha alisema, "Hii tu?"

Hapa nikiri jambo ambalo fomu ya majibu haina nafasi yake. Siku zote napima mara mbili. Mchoto wa kwanza ulisema gramu 4.1 kwa tani. Wa pili, kutoka mfuko uleule, ulisema 0.6.

Mteja wa kawaida hapo anaanza kuniangalia kama mwizi. Lakini piga hesabu. Chembe moja ya dhahabu ya milimita 1 ina uzito wa miligramu 10 hivi. Chembe hiyo moja ikiangukia kwenye mchoto wangu wa gramu 50, jibu linakuwa gramu 200 kwa tani. Ikiangukia mchoto wa jirani, mimi nasoma sifuri. Kusaga vizuri kunapunguza tatizo, hakuliondoi, kwa sababu dhahabu ni laini na kwenye kinu inabonyea badala ya kuvunjika. Nikiulizwa jiwe lilikuwa na ngapi, jibu la kweli ni kwamba lilikuwa nayo, na sijui vizuri ni ngapi. Na hilo ni jiwe moja la kifusi. Wapo watu wanaouza shamba wakachimbe kwa sababu ya jiwe moja kama hilo.

Jioni mpwa wangu alitaka kununua gramu moja ya ukumbusho kwa kijana aliyemkuta nje ya hoteli. Nilipandisha sauti kidogo. Dhahabu ghafi huuzwa kwenye soko la madini, na Geita tunalo tangu Machi 2019. Anayenunua ana leseni, na inapita kwenye mzani wa serikali. Ile ya nje ya hoteli ikiwa feki umeliwa, ikiwa halisi umevunja sheria. Kijana alisikia sauti yangu akaondoka zake.

Asubuhi waliwasha gari kurudi Mwanza. Jiwe, au vumbi lake, lilibaki kwangu. Kabla hawajatoka getini bibi harusi aliteremsha kioo.

"Mjomba, kwa hiyo tuandike 4.1 au 0.6?"

Nimeweka mchoto wa tatu tanuruni.