Dadu mbili na mchezo usio wa haki

Nafundisha hisabati, na somo la uwezekano silianzii ubaoni. Nagawa dadu mbili kwa kila meza, nyekundu na nyeupe, pamoja na mchezo wenye dhuluma ndani yake.

Watoto wanacheza wawili wawili. Wanarusha dadu zote mbili, kisha wanatoa namba ndogo kwenye kubwa. Ikibaki 0, 1 au 2, pointi ni ya mmoja. Ikibaki 3, 4 au 5, ni ya mwenzake. Kabla hawajarusha nawauliza kama mchezo ni wa haki. Karibu wote husema ndiyo, kwa kuwa kila mmoja ana namba tatu. Waache wacheze. Muda si mrefu manung'uniko yanaanza, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza: mtoto anayehisi amepunjwa hahitaji kubembelezwa ahesabu.

Meza moja au mbili zitaleta matokeo ya kinyume. Usiyafiche! Jumlisha pointi za darasa zima ubaoni, waone jinsi bahati ya meza moja inavyomezwa na wingi wa mirusho.

Baada ya hapo wachore jedwali la 6 kwa 6. Rangi zina kazi hapa: nyekundu 2 na nyeupe 5 ni kisanduku kimoja, nyekundu 5 na nyeupe 2 ni kingine. Anayeviunganisha asichekwe. D'Alembert, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa walau mara moja ni 2/3, kwa sababu alihesabu njia tatu kana kwamba zina uzito sawa. Jibu sahihi ni 3/4.

Jedwali likijaa, visanduku 24 kati ya 36 ni vya mchezaji wa kwanza. Tofauti ya 1 peke yake ina 10; tofauti ya 5 ina 2 tu.

Sasa wape kazi ninayoipenda kuliko zote: wagawe upya namba hizo sita ili mchezo uwe wa haki. Wapo watakaopata 0, 1 na 5 dhidi ya 2, 3 na 4, yaani 18 kwa 18. Lakini lipo jibu jingine: 1 na 2 upande mmoja, nne zilizobaki upande wa pili. Atakayeligundua mwite mbele alitetee kwa jedwali, kwa maana wenzake watashikilia kwamba namba mbili haziwezi kulingana na nne.