Asilimia ya Nini? Sehemu, Desimali na Asilimia kwenye Hesabu za Kila Siku

Sokoni mchuuzi wa maharage anasema "robo kilo", mizani yake inaonyesha 0.25, na kwenye karatasi ya shule ni 1/4 au 25%. Thamani ni ileile. Hata hivyo, kwenye mafunzo yetu ya elimu ya fedha, mtu anayepima robo bila kufikiri hushtuka akiona 25%.

Tuanze na sehemu. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Asili inataja kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi kinataja umechukua mangapi. Kiasi kikizidi asili, kama 7/4, hiyo ni sehemu guni, na waweza kuiandika 1¾, yaani moja na robo tatu. Asili ikikua, fungu linapungua: 1/20 ni ndogo kuliko 1/10. Mchango wa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi nchini Uganda, unaonyesha hilo vizuri. Mfanyakazi anakatwa 5% ya mshahara, yaani 1/20; mwajiri anaongeza 10%, yaani 1/10, kutoka mfukoni mwake. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, wewe unakatwa 40,000, mwajiri anatoa 80,000. Anayedhani 15% yote inakatwa kwake anamlalamikia mhasibu bure.

Desimali ni sehemu zenye asili ya 10, 100, 1,000 na kuendelea. Soma tarakimu mojamoja baada ya nukta: "sifuri nukta mbili tano". Ukisema "nukta ishirini na tano", utajikuta unaamini 0.25 inazidi 0.5, na makosa hayo tunayaona hata kwa watu wazima.

Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni 100. Ili kuigeuza desimali, sogeza nukta hatua mbili kushoto. Hapa ndipo pesa hupotea. Tangu 2024, riba ya wakopeshaji binafsi wenye leseni nchini Uganda haipaswi kuzidi 2.8% kwa mwezi. Hiyo ni 0.028, si 0.28. Kwa mkopo wa 500,000, riba ya mwezi wa kwanza haizidi 14,000. Nukta ikikaa pabaya inakuwa 140,000, na mkopaji asiyehesabu mwenyewe atalipa tu.

Asilimia haisimami peke yake; uliza kwanza ni ya nini. Nchini Uganda, Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ni 18% ya bei kabla ya kodi. Bidhaa ya 100,000 inauzwa 118,000. Ukitaka kujua kodi iliyomo ndani ya hiyo 118,000, usichukue 18% yake, maana utapata 21,240 na umezidisha kwa 3,240. Zidisha 118,000 kwa 18/118, utapata 18,000 kamili.

Magazeti nayo huchanganya asilimia na pointi za asilimia. Oktoba 2024 Benki Kuu ya Uganda ilishusha riba yake elekezi, ile inayoongoza riba za mabenki, kutoka 10% hadi 9.75%. Riba hiyo ilishuka kwa robo ya pointi ya asilimia. Anayesema ilishuka kwa 0.25% amekosea, kwa sababu 0.25 ikilinganishwa na 10 ya mwanzo ni 2.5%.