Taya la mtoto likivimba: maswali ya wazazi wa Kanda ya Ziwa

Ipo saratani ya watoto ambayo madaktari wa huku Mwanza wanaifahamu kuliko wenzao wengi wa Ulaya. Inaitwa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, na huku kwetu hushika zaidi watoto wadogo wa umri wa chekechea na shule ya msingi. Mama anashuka kivukoni akitokea Ukerewe au Sengerema, mtoto mgongoni, shavu limejaa. Maswali yake ni haya.

Ilianza kama jino. Imekuwaje kansa?

Ndivyo inavyojificha. Uvimbe huota ndani ya mfupa wa taya na kusukuma meno kutoka chini, yakalegea hata kwa mtoto ambaye bado hajafika umri wa kung'oka meno. Zahanati wanang'oa, wanatoa antibayotiki, wiki mbili zinapita. Siwalaumu, majipu ya meno ni mengi kuliko saratani. Lakini jipu humliza mtoto, na uvimbe huu mara nyingi hata haumuumi sana. Kama jino limeng'olewa na shavu bado linazidi kujaa, omba rufaa, usirudie antibayotiki.

Si taya peke yake. Huweza kuota tumboni, au nyuma ya jicho likatokeza nje. Mtoto akiishiwa nguvu za miguu ghafla au mkojo ukigoma kutoka, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo: hospitali siku hiyohiyo.

Wiki mbili tu, zina ubaya gani?

Seli za uvimbe huu huweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Mzazi akiniambia "juzi haukuwa hivi, dokta", najua hatii chumvi.

Mbona ni huku kwetu? Tumelogwa?

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, alimwona mtoto wa namna hii Kampala mwaka 1957. Mwaka uliofuata akaandika habari zake, kisha akazunguka Afrika kwa gari akichora ramani. Akaona uvimbe unafuata joto na mvua, yaani palepale penye malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake London walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha Epstein-Barr.

Kirusi hicho tunacho karibu sote, tumekipata utotoni kwa mate, na kwa kawaida kimelala tu. Malaria ya kila mara ndiyo inayovuruga kinga inayokilaza, huku ikichochea chembe za kinga zizaliane ovyo. Katika vurugu hiyo kromosomu mbili, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, huweza kubadilishana vipande, na seli moja ikapoteza breki. Kwa hiyo chandarua kina kazi kubwa kuliko tunavyoipa, kwetu tunaoishi na mbu wa majaruba na mabwawa.

Mtampasua lini?

Hatumpasui. Tunachukua kinyama kidogo, kikatazamwe kwa hadubini. Kinyama hakisambazi kansa. Kinachosambaza ni kungoja. Tiba ni dawa za kansa zinazopitia mishipa ya damu, hasa saiklofosfamaidi na vinkristini, pamoja na methotreksati ambayo nyingine huchomwa kwenye uti wa mgongo ili ubongo ulindwe.

Mbona anawekewa maji ya dripu na dawa ya kansa bado hamjaanza?

Swali zuri, nalo huulizwa kwa hasira. Kinachokua haraka hufa haraka. Seli zikifa kwa wingi kwa mpigo, taka zake humwagika kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Maji mengi na vidonge vya alopurinoli huandaa njia. Tunapima hata mkojo wake, kwa hiyo msiumwage.

Shavu limerudi kama zamani. Bibi yake anasema tukavune mpunga.

Hapa ndipo tunapopoteza watoto ambao wangepona. Shavu linaweza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza, na nauli nayo imekwisha. Lakini seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi huwa sugu. Maliza mizunguko yote. Kama nauli ndiyo tatizo, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii kabla hujaondoka, si baada ya kukosa kliniki. Ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, ndiyo maana mwaka huo tunawaita mara kwa mara.

Atawaambukiza wadogo zake?

Hapana, wale sahani moja. Anayeweza kudhurika ni yeye, maana dawa hushusha chembe nyeupe za damu, hivyo mwenye mafua asimkaribie. Homa ikimpanda, hata usiku wa manane, usimpe panadoli mkangoja kukuche. Mleteni.