Kwa Nini Abiria Hutapika na Dereva Hatapiki?

Panda basi la alfajiri kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kabla hamjafika Nangurukuru utakuwa umeshamwona mtu aliyeegemea kiti cha mbele, jasho jembamba usoni, mate yamemjaa mdomoni. Dereva amepita kona zilezile na hana habari. Jirani atasema huyo amekula vibaya. Mara nyingi tumbo lake halina kosa lolote: kichefuchefu cha safari huanzia sikioni.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na pembeni yake chembechembe za chokaa. Kichwa kikigeuka, majimaji husukumika; gari likifunga breki, chembe husogea, na ubongo hupata taarifa. Sasa abiria ameinamia simu. Macho yanauambia ubongo kwamba ametulia, sikio linauambia anayumba na kurushwa, na taarifa hizo mbili hazipatani. Dereva huiona kona kabla ya kuikata, na mikono yake ndiyo inayoikata, kwa hiyo ubongo wake unajua kinachokuja.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1882 mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika kwamba viziwi wengi hawakupata kizunguzungu hata walipozungushwa. Tafiti za baadaye zikaonyesha kuwa mtu ambaye sehemu hiyo ya sikio imekufa pande zote mbili haugui bahari, hata mawimbi yawe makubwa namna gani.

Lakini kwa nini atapike, asipate tu kizunguzungu? Mwaka 1977 mtafiti Michel Treisman alitoa maelezo ambayo mimi yananiridhisha kuliko mengine, ingawa bado ni nadharia. Sumu nyingi zikiingia mwilini huvuruga kwanza macho na mizani ya mwili. Ubongo, ukiona macho na sikio havielewani, hudhani umelishwa sumu na kuamuru tumbo limwagwe. Mate hujaa mdomoni ili asidi isiunguze meno. Tumbo lenyewe hulegea, na kazi ya kusukuma hufanywa na misuli ya ukuta wa tumbo pamoja na msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ndiyo maana ukitapika sana mbavu huuma.

Watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kuugua safari. Wanaosumbuka zaidi ni wa kati ya miaka 2 na 12. Tafadhali tusiwagombeze, hawadeki.

Tiba, basi, ni kuyapatanisha macho na sikio. Kaa mbele, weka simu mfukoni, tazama mbali barabarani. Kwenye njia ya kupanda Newala ushauri huu una thamani kubwa, maana kona ni nyingi. Ukiwa kwenye dau, au unavuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu au Kitunda, kaa pale unapoona bahari na kaza macho kwenye upeo au ufuko wa mbali. Fungua dirisha, kwani harufu ya dizeli huongeza kichefuchefu. Kula kidogo kabla ya safari, kitu kisicho na mafuta mengi. Kushinda njaa hakusaidii. Tangawizi imewasaidia baadhi ya wajawazito, ila kwa safari ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Dawa kama promethazini hufanya kazi ikimezwa kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa, kwa sababu tumbo limeshaacha kupeleka mbele kilichomo. Dawa hiyo huleta usingizi, kwa hiyo dereva asiiguse, wala mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Aliyetapika apumzike dakika kama kumi, kisha anywe kwa vijiko, taratibu. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ndiyo bora. Ukiikosa, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visifurike. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

Kichefuchefu cha safari huisha baada ya kushuka. Kikiendelea, au kikija na homa, usikiite cha safari: Lindi na Mtwara malaria ipo, nenda ukapime. Matapishi yenye damu au ya kijani, maumivu makali ya kichwa, kuharisha maji mfululizo, mtoto aliyelegea, macho yaliyozama, au kukosa mkojo kwa saa nyingi ni mambo ya kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Na aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe kamwe, maana yakipanda huweza kuingia kwenye mapafu; mkimbize hospitali pamoja na chupa aliyonywea.