Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: dhana zinazopoteza fedha, na ukweli wake

Anayejichangia fedha ili aunde kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu huingia dukani akiwa na mambo mengi aliyoyasikia kwa wenzake: kwamba atafute prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel iitwayo i7, kwamba kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, iwe na GB nyingi, kwamba pawasaplai, yaani kifaa cha kugawa umeme, yoyote inafaa mradi inawasha. Mengi kati ya hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Lakini mwenye fedha nyingi akikosea kifaa kimoja ataongeza kingine, ilhali kwa mwenye bajeti ndogo kosa hilo hilo hula fedha zote na gemu lisichezeke. Karibu dhana zote hizi zina chanzo kimoja, nacho ni kusoma jina au namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa na kuishia hapo.

“i7 ni bora kuliko i3”

Hii ndiyo inayoongoza. Kariakoo, na vilevile katika maduka ya Luthuli jijini Nairobi, ni kawaida kukuta kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo zikinadiwa kwa neno “i7” tu, pasipo kutajwa ni i7 ya kizazi gani. Ukweli ni kwamba i3, i5 na i7 ni ngazi ndani ya kizazi kimoja. Vizazi vikitofautiana, ngazi hizo hazilinganishiki. Chukua Core i7-2600 iliyotoka mwaka 2011 na Core i3-12100F iliyotoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) vinavyoweza kushughulikia kazi 8 kwa pamoja, hivyo anayehesabu viini ataziona ndugu, lakini kiini kimoja cha i3 hiyo hufanya takriban mara mbili ya kazi ya kiini kimoja cha i7 ile. Zaidi ya hapo, i7 ya 2011 hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya zamani ya DDR3, haina maelekezo ya AVX2 (amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa) ambayo baadhi ya gemu mpya hayafunguki bila ya hayo, na haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, jambo lililopata uzito zaidi tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo soma tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 ni cha nane, 12100 ni cha kumi na mbili. Isome na herufi ya mwisho pia. F katika prosesa za Intel maana yake ni kwamba haina michoro ya ndani, yaani uwezo wake yenyewe wa kuchora picha, na bila kadi ya michoro skrini haitaonyesha kitu.

Prosesa nzuri yenyewe si pa kumalizia fedha. Katika gemu nyingi zenye picha nzito, kadi ya michoro ndiyo inayochoka kwanza, na prosesa kubwa iliyofungwa pamoja na kadi dhaifu hukaa ikiisubiri. Counter-Strike 2 na Valorant huitegemea prosesa zaidi, na anayecheza hayo tu ana haki ya kupanga fedha zake kwa namna nyingine. Kwa wengine wote ushauri wangu ni i3-12100F, au Ryzen 5 5600 ya AMD yenye viini 6 kwa anayeweza kuongeza kidogo, kisha fungu kubwa kuliko yote liende kwenye kadi.

“Kadi yenye GB nyingi ndiyo kali”

GB za kadi ni ukubwa wa ghala, si upana wa mlango wake. Kuna GT 730 za GB 4 na kuna GTX 1650 za GB 4, na kwa anayesoma boksi tu hizo ni sawa. Lakini kumbukumbu ya GT 730 za DDR3 haipitishi hata GB 30 kwa sekunde, ilhali GTX 1650 ya GDDR5, aina ya kumbukumbu yenye kasi zaidi, hupitisha GB 128, tena kwa chipu yenye nguvu zaidi kwa mbali. Hata jina lenyewe halitoshi. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la DDR4 lenye jina lile lile, GB 2 zile zile, na mwendo wa takriban GB 17 tu. Naiona hali hiyo kuwa dhuluma kwa mnunuzi, kwa sababu tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa boksi, na muuzaji mwenyewe mara nyingi haijui.

Hii haina maana kwamba GB hazihesabiki. Gemu mpya hujaza GB 4 kwa urahisi hata kwenye skrini ya 1080p, na anayenunua leo akikusudia kukaa na kadi miaka kadhaa aanzie GB 8, kwa mfano RX 6600 ya mwaka 2021.

“Kompyuta ya ofisini haiwezi gemu”, na kinyume chake

Wapo wanaozidharau kompyuta za ofisini za Dell OptiPlex na HP EliteDesk kabisa, na wapo wanaoamini kwamba zinapokea kadi yoyote. Wote wamekosea. Yenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi ni msingi mzuri sana wa kuanzia, lakini zile nyembamba hupokea kadi fupi tu, na pawasaplai zake nyingi hazifiki wati 300, hazina kebo ya kulisha kadi, wala haziwezi kubadilishwa kwa ile ya kawaida ya dukani kwa sababu ya umbo lake. Sloti ya madabodi (bodi kuu), pale kadi inapochomekwa, hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu, na ndiyo maana toleo fupi la GTX 1650 lisilohitaji kebo hutafutwa sana na wenye mashine hizi. Mwenye nafasi ya kuchagua achukue kasha refu la mnara.

“Imeandikwa wati 500, inatosha”

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo, kwa maana pawasaplai mbovu ikiungua yaweza kuondoka na madabodi na kadi pia. Geuza pawasaplai uisome stika yake. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula karibu umeme wake wote kutoka hapo. Ukikuta ampea 18, zidisha: 18 mara 12 ni wati 216, hata kama jina kubwa ubavuni linasema 500. Sasa linganisha na mzigo. RX 6600 imepangiwa wati 132, na i3-12100F ikikazwa hufikia 89. Jumla ni 221, kabla hujahesabu feni wala diski. Pawasaplai hiyo itawasha kompyuta, itafungua Windows, na itazimika katikati ya gemu, na lawama itaangukia kadi isiyo na kosa.

Alama ya 80 Plus inayobandikwa kwenye pawasaplai nayo hueleweka vibaya. Inapima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haithibitishi kinga dhidi ya shoti au mzigo uliozidi. Na kwa mashine zilizotoka Marekani, tazama swichi ndogo nyekundu nyuma, ikiwapo: ikiwa kwenye 115, isogeze hadi 230 kabla ya kuchomeka.

Mengine kwa ufupi

RAM mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16. Mbili za DDR4-3200 hupitisha GB 51.2 kwa sekunde, moja 25.6, na anayecheza kwa michoro ya ndani ya Ryzen 5 5600G ataiona tofauti hiyo waziwazi. Mwendo ulioandikwa kwenye RAM mara nyingi haupatikani hadi XMP, mpangilio wa mwendo huo, iwashwe ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla ya Windows).

SSD hupunguza muda wa kusubiri gemu lifunguke. Fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde, haiongezi. Nunua SSD hata hivyo.

Kadi iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali si lazima iwe imekufa. Chipu haipungui kasi kwa sababu ya kazi. Kinachochakaa ni feni na pasta ya joto, na vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo. La kuogopa zaidi ni kadi ya zamani iliyobandikwa jina la mpya. Mwombe muuzaji aifunge kwenye mashine na kufungua GPU-Z, programu ya bure inayotoa onyo ikigundua kadi ya NVIDIA ya kughushi, kisha gemu zito lichezwe nusu saa mbele yako kabla hujatoa fedha.