Kokoto, Mafuta na Sahihi: Tunayoambiana kuhusu Vituo vya Kupoza Umeme

"Kituo cha kupoza umeme kitakausha visima vyetu."

Nililisikia hili barazani, upande wa bara ya Lamu, na mzee aliyelisema hakuwa na mzaha. Kosa ni la jina lenyewe. Ukisema kupoza, mtu huona chai iliyomiminwa kisahanini, au injini ya lori inayotiwa maji kando ya barabara ya Garsen. Kinachopunguzwa kituoni si joto, ni msongo wa umeme, yaani volti zake. Njia kubwa itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu hubeba umeme wa kilovolti 220. Huo hauingii nyumbani kwa mtu. Kituoni transfoma huuteremsha hadi kilovolti 33, kisha unashushwa tena njiani, na transfoma ndogo za nguzoni humalizia mpaka volti 240 za soketi yako. Transfoma yenyewe hupata moto, kweli, lakini hupozwa na mafuta yanayozunguka ndani yake na mapezi ya chuma yanayopigwa na upepo. Maji hayamo.

Hata hivyo nilimwambia mzee kwamba swali lake lina mzizi. Kituo kikishawaka hakina kiu. Wakati wa ujenzi kina kiu kubwa: zege hunywa maji, na barabara ya vumbi hunywa zaidi, maana lazima imwagiwe kila siku. Maji hayo yatatoka wapi, kisima cha kijiji au bauza kutoka mbali? Jibu linapaswa kuwa limeandikwa katika ripoti ya mazingira kabla lori la kwanza halijafika. Mzee akanijibu, "Basi mwanangu, nilikuwa nimeuliza vizuri kwa njia mbaya."

"Ripoti ya mazingira huandikwa na NEMA."

NEMA, mamlaka ya Kenya ya kusimamia mazingira, haiandiki. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, mwenye mradi ndiye anayetafuta mtaalamu aliyesajiliwa, naye ndiye anayemlipa. NEMA hupokea ripoti, huisambaza kwa idara zinazohusika, hutangaza kuita maoni ya wananchi, kisha huamua kutoa leseni, kuinyima, au kuitoa kwa masharti.

Watu wakishajua hili huruka upande wa pili: kumbe mtaalamu amenunuliwa! Si lazima. Ana leseni yake ya kazi, na akidanganya anaweza kuipoteza. Ninachokiogopa zaidi mimi ni uvivu. Nimewahi kusoma rasimu ya mradi wa huku Pwani iliyotaja athari kwa mashamba ya majani chai. Mtu alikuwa amenakili ripoti ya nyanda za juu, akabadilisha jina la kaunti, akasahau ukurasa mmoja. Kosa la namna hiyo halionwi na afisa aliye Nairobi mwenye mafaili mia mezani. Huonwa na mwenyeji.

Jambo la kutazama kwanza katika ripoti yoyote ya huku ni tarehe za vipimo vya vumbi na kelele, kwa sababu Pwani ina pepo mbili. Wakati wa kaskazi vumbi la ujenzi huenda upande mmoja, na kusi ikishika huenda upande wa pili, pengine moja kwa moja kwenye madirisha ya shule. Aliyepima siku tatu za Januari akaondoka amepima nusu ya mwaka.

"Ukitia sahihi barazani, umekubali mradi."

Hii ndiyo dhana iliyofanya madhara mengi kuliko zote, kwa pande zote mbili. Kuna watu wazima wanaokimbia karatasi ya mahudhurio kama wanavyokimbia hati ya kuuza shamba. Na kuna wenye miradi wanaoibeba karatasi hiyohiyo kama hati ya nikaha: tazama, sahihi 200, jamii imeridhia.

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwapo. Basi. Ulichosema kiko kwenye kumbukumbu za mkutano, na hizo ndizo za kudai usomewe kabla hamjatawanyika. Kama ulisema "hatutaki lango lifunguke kuelekea madrasa" na katibu akaandika "wananchi waliupokea mradi kwa furaha", hapo ndipo pa kugombea, si kwenye karatasi ya majina.

Lamu haina haja ya kutafuta mfano mbali. Mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, uliopangwa kuwa wa megawati 1,050, ulipata leseni ya NEMA mwaka 2016. Wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Hoja nzito ilikuwa ushirikishwaji. Mikutano ilifanyika, naam, lakini ilikuwa ya utangulizi, kabla utafiti haujakamilika. Matokeo yalipopatikana, wananchi hawakurudiwa ipasavyo ili waelezwe madhara gani yamegunduliwa na yatazuiwa vipi. Kuwaambia watu mradi unakuja ni jambo moja, kuwaonyesha ulichokigundua ni jingine.

Kituo cha kupoza umeme ni kidogo sana mbele ya mtambo wa makaa, na kuvilinganisha kwa madhara ni kupiga chumvi. Lakini mlango wa sheria ni huohuo. Kwa mradi unaohitaji tathmini kamili, kanuni za 2003 zinataka matangazo gazetini na redioni, mabango karibu na eneo, na mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoguswa. Ripoti ikishatangazwa, wananchi kwa kawaida hupewa siku 30 za kuleta maoni kwa maandishi. Leseni ikitoka na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa. Na Katiba, kifungu cha 70, haikutaki uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara ndipo usikilizwe kuhusu haki ya mazingira safi.

Neno la pembeni: baraza likiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaokuja ni wanaume wasio na shughuli siku hiyo. Anayejua mtoto gani hupita njia gani kwenda kisimani ni mama yake, naye yuko jikoni. Mkutano wa kina mama peke yao, alasiri, umewahi kuniletea mambo ambayo mikutano miwili ya mchana haikuyagusa.

"Leseni ikishatoka, kazi ya mazingira imekwisha."

Ndiyo kwanza inaanza. Leseni huja na masharti, na nyuma yake kuna mpango wa usimamizi wa mazingira unaosema nani atafanya nini, lini, kwa fedha ipi. Mpango huo ukifungiwa kabatini, hata tathmini nzuri kiasi gani ni hadithi tu.

Ukitaka kujua kama unafuatwa, omba kuona daftari la kila siku la afisa wa mazingira wa mkandarasi. Daftari la kweli ni chafu. Lina alama za vidole na mwandiko wa haraka: kusi kali leo, kazi ya kuchimba imesimamishwa saa nane; pipa la dizeli limekutwa mchangani, limerudishwa kwenye sakafu ya zege; choo cha wafanyakazi kimejaa. Daftari lenye ukurasa baada ya ukurasa wa "hakuna tatizo", kwa kalamu moja na mwandiko uliotulia, limeandikwa jana yake usiku.

Kelele ina vipimo vyake. Kanuni za 2009 zinaruhusu eneo la ujenzi lililo karibu na makazi, shule au hospitali kutoa kelele isiyozidi desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni huanza saa kumi na mbili jioni. Desibeli 35 ni kama mnong'ono, kwa hiyo mashine ya kuchanganyia zege haiwezi kushuka hadi hapo. Wakandarasi hupenda kumwaga zege usiku kwa sababu joto la mchana huku hulikausha kabla halijashika vizuri, na kiufundi wana hoja. Lakini hoja ya kiufundi haiondoi sharti. Wanaanza asubuhi na mapema, wanapoza kokoto kwa kivuli na maji, wanapanga kazi yao.

Halafu mashimo. Msingi wa transfoma ni shimo refu, na mitaro ya nyaya huzunguka uwanja mzima. Nimeona punda aliyelala mtaroni usiku kucha kwa sababu utepe wa plastiki ndio uliokuwa ua. Mwenye punda alilipwa baada ya wiki tano za kwenda na kurudi. Mabati ya ua yalipatikana asubuhi ileile punda alipotolewa, yale yaliyokuwa yakisubiriwa tangu mwezi uliopita.

Na huku kwetu, ukichimba, usishangae ukipata vigae vya zamani, misingi ya mawe ya matumbawe au kaburi. Miji ya kale kama Gede, Takwa, Shanga na Amu (mji wa Lamu) yenyewe si vitu vilivyoanguka kutoka mbinguni. Kati yao paliishi watu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inataka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7. Dereva wa tingatinga anapaswa kuwa ameambiwa hili kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi, kabla hajawasha mashine. Akiambiwa baadaye, kigae kimeshakuwa kifusi.

"Miale ya stima huleta saratani."

Hofu hii siidharau, hasa ikitoka kwa mzazi. Tuseme yaliyopo. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka uga wa sumaku wa umeme wa kawaida katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa sababu ya tafiti zilizohusisha viwango vikubwa nyumbani na saratani ya damu kwa watoto. Kwamba kimoja kinasababisha kingine haijathibitishwa. Kiwango cha tahadhari cha kimataifa kwa umma ni mikrotesla 200 kwa umeme wa mizunguko 50, na uga huo hufifia haraka ukisogea mbali. Kwenye ua wa kituo, sehemu kubwa ya unachopima hutoka kwenye nyaya zinazoingia na kutoka, si kwenye transfoma. Kwa hiyo la kuuliza si kituo kiko mbali kiasi gani tu, bali nyaya zitapita juu ya nani. Hifadhi ya njia, ule ukanda wa ardhi ulio chini ya nyaya, haikutengwa ili baadaye watu wagawiane viwanja humo.

Ule mvumo wa usiku si miale inayosikika. Ni chuma cha ndani ya transfoma kinachotetemeka mara 100 kwa sekunde. Unakera, unapimika, na unaweza kulalamikiwa.

Ambalo sijawahi kuulizwa barazani hata siku moja ni gesi. Swichi nyingi kubwa za vituoni hujazwa salfa heksafloridi, ambayo kilo yake moja hupasha joto dunia zaidi ya mara 23,000 ya kilo ya kaboni dioksidi. Haina rangi wala harufu. Rekodi ya kilo zilizoongezwa kila mwaka ndiyo hueleza kama inavuja.

"Kokoto ni za kuzuia nyasi."

Nyasi ni ziada. Kokoto kavu hazipitishi umeme vizuri, kwa hiyo hitilafu ikitokea na umeme ukashuka ardhini, zinamkinga fundi aliyesimama juu yake. Chini yake kuna wavu wa nyaya za shaba uliofukiwa. Anayeiba shaba hiyo, au anayezoa kokoto akajengee karo, anawatolea watu kinga bila wao kujua. Na ua si wa kuzuia wezi peke yao. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale Gitaru, kwenye kituo cha kuzalisha umeme wa maji, na nchi nzima ikaingia gizani. Malindi, pamoja na tumbili, tuna kunguru wanaojengea viota vya vipande vya waya.

"Mafuta ya transfoma ni dawa, na viazi vikikaangiwa humo havinyonyi."

Mafuta hayo yameibwa na kuuzwa kwa kukaangia chakula na kupaka vidonda. Ni mafuta yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini. Hayajawahi kuwa chakula, na transfoma za zamani huweza kuwa na PCB, sumu inayobaki mwilini kwa miaka mingi, ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unataka iondolewe. Kituo kipya kinapaswa kuonyesha cheti kwamba mafuta yake hayana PCB. Karatasi moja tu, iombeni.

Kwa Lamu, mafuta yakimwagika jambo ni zito kuliko kwenye mfinyanzi. Mchanga haushiki kitu. Maji matamu ya mji wa Amu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na visima vingi vya bara ni vya mchanga vilevile. Ndiyo maana kila transfoma kubwa hukaa ndani ya karo la zege lenye nafasi ya kutosha kumeza mafuta yake yote na kubakiza.

Karo hilo lina koki ya kutolea maji ya mvua. Masika ikija hujaa, na mlinzi huchoka kuifungua na kuifunga, akaiacha wazi. Siku zote kavu hakuna atakayejua; siku transfoma ikivuja, mafuta yatapitia hapo hadi mchangani. Ukaguzi wa mazingira hufanywa kila mwaka baada ya kituo kuanza kazi, na mkaguzi akifika hapo haangalii rangi ya ukuta. Anainama, anashika koki, anauliza ufunguo uko kwa nani.